Mwongozo wa Kutembelea Bonde la Sabaki na Makorongo ya Marafa kwa Pikipiki ya Magurudumu Manne

Ukitoka Malindi kuelekea kaskazini, mara tu unapovuka daraja la mto Sabaki na kuiacha barabara kuu iendayo Garsen na Lamu, nchi hubadilika. Minazi hupungua, ardhi hugeuka nyekundu, na njia za mchanga huanza kupanda na kushuka baina ya mashamba ya mihogo na mikorosho, kupitia Marikebuni na Magarini, hadi Marafa. Hizo ndizo njia zinazoifaa pikipiki ya magurudumu manne, ambayo wengi hapa huiita kwadi, na safari ya kuongozwa kwa njia hizo ni miongoni mwa safari bora ambazo mgeni wa Malindi anaweza kuzifanya kwa nusu siku. Hata mwenyeji wa mjini ambaye hajawahi kuingia ndani ya Magarini atarudi akiwa ameiona sura nyingine ya kaunti yake ya Kilifi.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa safari yenyewe, tangu kuchagua siku hadi kuirudisha pikipiki. Suala la miteremko nimelieleza kwa urefu kuliko mengine, kwa sababu hapo ndipo pikipiki hizi huwaumiza watu, na ndipo maelezo yanayotolewa kabla ya kuondoka huwa mafupi kupita kiasi.

Hatua ya kwanza: chagua msimu, kisha chagua saa

Miezi ya kaskazi, hasa Januari na Februari, huwa mikavu na njia huwa ngumu, lakini vumbi na joto ni vingi. Agosti na Septemba hali ya hewa huwa ya ubaridi kidogo na mimea bado ina kijani, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo miezi mizuri kuliko yote. Masika, kuanzia Aprili hadi Juni, ni wakati wa kuahirisha safari: mchanga mwekundu ukilowa huteleza, magurudumu huchimba mifereji ambayo maji huifuata na kuipanua, na kingo za makorongo huwa zimelegea. Wakati wa vuli, yaani Oktoba na Novemba, uliza hali ya njia siku moja kabla ya kuondoka.

Kuhusu saa, ondoka mapema asubuhi au baada ya saa nane mchana. Mchana wa jua kali makorongo ya Marafa hushika joto kama tanuri na rangi zake hufifia, ilhali jua linapoelekea kuzama kuta zile huonyesha tabaka zake zote, nyeupe, waridi, chungwa na nyekundu iliyokolea. Hata hivyo usisahau kuwa Malindi jua huzama baina ya saa 12:05 na saa 12:45 jioni kutegemea mwezi, na giza huingia upesi. Kampuni ikikuahidi machweo Marafa, iulize utarudi vipi. Jibu linaloridhisha ni kwamba mtarudi kwa gari huku pikipiki zikibebwa au zikilala hukohuko. Kuendesha usiku katika njia ambazo mbuzi, watoto na bodaboda zisizo na taa hupita ni jambo la kukataa bila kuona haya.

Hatua ya pili: chagua kampuni, na zaidi ya kampuni, chagua kiongozi

Biashara za utalii nchini Kenya husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, kwa hiyo una haki ya kuomba kuonyeshwa leseni ya mwaka huu, na mwenye biashara halali haoni tatizo kukuonyesha. Uliza pia kama pikipiki zina bima na kama bima hiyo inamhusu mwendeshaji au inaihusu mashine pekee. Watu wengi hudhani bima yao ya safari inatosha, kumbe nyingi huondoa michezo ya aina hii mpaka uilipie nyongeza.

Baada ya hapo, omba kuzungumza na mtu atakayewaongoza. Kiongozi mzuri atakuuliza maswali kabla hujamuuliza yeye: umewahi kuendesha pikipiki, una matatizo ya mgongo au ya moyo, una ujauzito, mko wangapi, mna watoto? Mwulize anatoka wapi. Kijana aliyezaliwa Magarini au Marafa anajua shamba la nani limepandwa wiki hii na njia ipi imekatika, na anaposimamisha msafara mlangoni mwa mji wa watu, yaani boma lao, anapokewa kama mtoto wa nyumbani. Kundi likizidi pikipiki nne, dai viongozi wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma.

Kwa mtu asiyewahi kuendesha, safari ya Marafa yote kwa pikipiki ni ndefu: ni kilomita 30 hadi 40 kwa kwenda tu, bila kurudi, kutegemea njia mnayopitia. Mzunguko mfupi wa juu ya bonde la Sabaki unatosha kwa mara ya kwanza, na Marafa unaweza kwenda kwa gari siku nyingine.

Bei iandikwe kwenye ujumbe wa simu kabla ya kulipa, na ujumbe huo utaje kama mafuta, maji ya kunywa, helmeti, kiingilio cha Marafa na ada ya kiongozi wa kijiji vimo ndani. Utaje pia utalipa nini pikipiki ikiharibika. Malipo ya awali yatumwe kwa M-Pesa kwenye namba ya biashara ili ubaki na ushahidi.

Watoto nao wanahitaji msimamo. Watengenezaji huweka onyo kwamba pikipiki za ukubwa wa mtu mzima zisiendeshwe na mtu aliye chini ya miaka 16, na pikipiki iliyotengenezwa kwa kiti cha mtu mmoja isimbebe wa pili, hata akiwa mdogo kiasi gani. Mzazi anayemkalisha mtoto mbele yake hawezi kuinama wala kusogea, na pikipiki hizi hutegemea mwili wa mwendeshaji ili zisipinduke.

Hatua ya tatu: mavazi na vya kubeba

Vaa suruali ndefu, shati la mikono mirefu na viatu vinavyofunika vifundo vya miguu. Ndara na makubadhi viache hotelini. Helmeti ijaribu hapohapo: funga mkanda, kisha tikisa kichwa, ikicheza, omba nyingine. Miwani ya kukinga vumbi na glavu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, na leso au kikoi cha kujifunga puani na shingoni kitakufaa kuliko barakoa, mradi ncha zote zichomekwe ndani ya shati zisipeperuke na kunaswa na magurudumu. Wanaovaa buibui au dera wavae suruali ndani na kuikunja nguo ya juu ibane kiunoni, kwa sababu hiyohiyo ya kunaswa.

Beba angalau lita mbili za maji kwa kila mtu, mafuta ya kukinga jua, dawa zako za kawaida, na simu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Vumbi la Magarini ni jembamba na huingia kila mahali.

Hatua ya nne: ijue mashine kabla haijatembea

Pikipiki ya magurudumu manne ina uzito wa kilo 200 hadi 300 kwa zile za ukubwa wa kati, na ikikulalia mguuni huwezi kuiondoa peke yako. Tenga dakika ishirini za kujifunza mahali tambarare, na kiongozi akiharakisha, mwombe kwa upole lakini usikubali kuondoka bila somo hilo.

Mafuta hutiwa kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, kwa kukisukuma kijiwiko kidogo kilicho chini ya mshikio. Hapa ndipo wanaoanza hukosea. Pikipiki ikiruka kwenye shimo, mwili hurudi nyuma, mkono hukaza mshikio, na gumba husukuma mafuta bila mtu kukusudia, hivyo mashine hukimbia wakati ambapo mwenyewe anataka kusimama. Dawa yake ni kushika usukani kwa vidole vinne bila kukaza, viwiko vikiwa vimekunjika kidogo, na gumba likae juu ya kijiwiko kwa wepesi. Jizoeze kuondoka na kusimama mara kadhaa mpaka gumba lijue kuachia lenyewe.

Mwambie kiongozi akuonyeshe breki ya mbele ni ipi na ya nyuma ni ipi, kwa kuwa hutofautiana kati ya aina moja na nyingine, na utazihitaji kwa namna tofauti kwenye milima. Jua ilipo swichi ya kuzima injini, breki ya kuegesha, gia nzito (ile ya mwendo mdogo na nguvu nyingi) na rivasi. Kagua matairi nawe: huwa laini kwa makusudi, na kwa pikipiki nyingi za aina hii upepo wake hauzidi psi 10 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo), tofauti na gari dogo linalojazwa karibu psi 30. Ulaini huo ndio unaoifanya ielee juu ya mchanga, lakini matairi ya upande wa kulia na wa kushoto yakipishana upepo, pikipiki itakuvuta upande mmoja siku nzima.

Jambo la mwisho hapa ni miguu. Ibaki juu ya kikanyagio wakati wote, hata pikipiki inapoinama. Mwenye mazoea ya bodaboda hushusha mguu chini kujisaidia, na gurudumu la nyuma humpanda kwenye kisigino.

Hatua ya tano: kwenda katika msafara

Fuata alama za magurudumu ya aliye mbele yako, lakini umwache mbali, mita 30 au zaidi kukiwa na vumbi. Ikiwa humwoni kwa sababu ya vumbi, punguza mwendo badala ya kumkimbilia. Usimpite mtu. Kila mmoja ahakikishe anamwona wa nyuma yake kabla ya kukata kona. Pombe na mnazi havinywewi mpaka pikipiki zimezimwa kwa siku hiyo, na kiongozi aliyekunywa hafai kufuatwa.

Mnapokaribia nyumba, mwendo uwe wa mtu anayetembea kwa miguu. Njia nyingi za Magarini hupita katikati ya miji ya Wagiriama, ambapo mahindi huanikwa uani, kuku hutembea na watoto wachanga hulala kwenye kivuli cha mwembe. Zimeni injini mkisimama, salimieni wazee kwa shikamoo, na mwacheni kiongozi aseme shida yenu kabla mtu hajatoa simu ya kupiga picha. Katika baadhi ya miji kuna vigango, nguzo za mbao zilizochongwa ili kuwakumbuka wazee waliofariki. Vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo, na baadhi vimerudishwa Kenya kutoka makumbusho ya Marekani, hivyo wenyeji wana sababu nzuri ya kuwatazama kwa makini wageni wanaovisogelea. Usiviguse, na usivipige picha bila ruhusa ya mwenye mji.

Peremende na sarafu msiwarushie watoto. Watoto waliozoea kurushiwa vitu huzikimbilia pikipiki, na siku moja mmoja wao atakuja kukanyagwa.

Hatua ya sita: kupanda, kushuka na kukata mteremko

Kanuni inayotawala yote ni kwamba uzito wako uelekee upande wa juu wa mlima.

Katika kupanda, simama kwanza chini na uutazame mlima mpaka juu. Kama huoni kilele au hujui upande wa pili kuna nini, subiri kiongozi apande na akupungie mkono. Ingiza gia nzito ukiwa bado tambarare, inama mbele mpaka kifua kikaribie usukani, kisha panda moja kwa moja kwa mafuta yasiyopanda wala kushuka. Nguvu ikikuishia katikati, usijaribu kugeuza pikipiki mlimani, maana ndipo hupinduka. Bana breki, baki umeinama mbele, vuta breki ya kuegesha, na ushuke kwa upande wa juu. Ikiwa imekwisha kuanza kurudi nyuma, tumia breki ya mbele kwa taratibu; breki ya nyuma ikibanwa ghafla wakati huo, pikipiki huinua pua na kumwangukia mwendeshaji. Kiongozi ndiye atakayeishusha.

Katika kushuka, kaa nyuma ya kiti, nyoosha mikono bila kuikaza, na uache injini ikushikilie kwa gia nzito. Usiweke gia huru hata kidogo. Breki zibanwe mapema na kwa upole, nyuma kuliko mbele, kwa sababu gurudumu la mbele likifungwa kwenye mchanga usukani haukutii tena. Teremka ukielekea chini moja kwa moja, macho yakitazama unakotaka kwenda. Ukilitazama shimo, utalifikia.

Kukata mteremko kwa ubavu ndiko kugumu kuliko vyote, na kiongozi mwangalifu atalizungusha kundi lisipite huko. Kukiwa hakuna budi, nenda polepole, egemeza mwili wote upande wa juu, na epuka jiwe au kisiki chini ya gurudumu la juu na shimo chini ya gurudumu la chini. Ukihisi magurudumu ya juu yanaanza kuwa mepesi, geuza usukani kuelekea bondeni, pikipiki itajinyoosha na utashuka nayo.

Kwenye mchanga laini wa makorongo makavu, shika mwendo mmoja wa wastani na usibane breki ghafla. Kona zote punguza mwendo kabla ya kuziingia, kwa kuwa pikipiki nyingi za kukodi huzungusha magurudumu mawili ya nyuma kwa kasi moja na hivyo hupenda kwenda mbele badala ya kukata; egemea ndani ya kona ndipo itageuka.

Hatua ya saba: bonde la Sabaki

Sabaki ni mwisho wa mto Athi, ambao njiani huitwa Galana, mto wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana, na udongo unaoupa rangi ya kahawia umesafiri kutoka nyanda za juu na Ukambani. Kwa hiyo mto unaweza kufurika Malindi ikiwa kavu kabisa, kwa sababu mvua imenyesha mbali bara. Usikubali kuuvuka kwa pikipiki hata maji yakionekana ya magotini. Mamba na viboko wamo, na vijia vilivyolainika vinavyoshuka majini kupitia matete hupitwa na viboko jioni wanapokwenda kula. Msiegeshe juu yake.

Mahali pazuri pa kuliona bonde ni juu ya vilima vya ukingo, ambako mto unaonekana ukijipinda mpaka unapokutana na bahari. Huko mdomoni kuna flamingo na ndege wengi wa pwani wanaokuja kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi, na pikipiki zikifika karibu nao huruka wote kwa pamoja na kupoteza saa zao za kula. Egesheni mbali, mwende kwa miguu. Ufuo wenyewe usipitwe kwa magurudumu, kwa kuwa kasa hutaga kwenye fuo hizi na mayai hufukiwa mchangani pasipo alama yoyote. Wanaoendelea hadi Lamu wakumbuke kuwa vilima vya mchanga vya Shela navyo si vya kuendeshea chochote: chini yake ndiko yaliko maji matamu ya mji wa Lamu.

Hatua ya nane: Marafa

Makorongo ya Marafa, ambayo wenyeji huyaita Nyari na watalii wengi huyajua kwa jina la Hell's Kitchen, yamechongwa na mvua na upepo katika mchanga uliogandamana bila kuwa mwamba kamili. Kingo zake zinaendelea kubomoka hadi leo. Pikipiki ziachwe penye maegesho ya kijiji, hata kama kuna alama za magurudumu zinazoelekea ukingoni. Tazama ardhi ya hapo kwa karibu: kabla ya genge kuna nyufa zenye upana wa kidole zinazofuata ukingo, wakati mwingine hatua mbili tatu kutoka unaposimama, na ukilichukua bonge la udongo wake na kulibana kwa vidole hugeuka unga. Ardhi iliyopasuka hivyo humbeba mtu kwa shida, seuze mashine ya kilo mia tatu.

Lipa kiingilio penye ofisi ya kijiji, chukua stakabadhi, na ushuke kwa miguu na kiongozi wa hapo hata kama kiongozi wako wa pikipiki anaijua njia. Kiongozi wa kijiji ndiye anayejua ni ngazi ipi imebomoka, na ada yake hubaki Marafa. Kwa kawaida atawasimulia habari za ukoo tajiri uliokuwa na ng'ombe wengi mpaka watu wake wakaoga kwa maziwa huku majirani wakilala njaa, na Mungu akaididimiza nchi pamoja nao. Mwacheni aimalize hadithi yake kwa raha. Msichonge majina kwenye kuta. Mchoro wa kucha tu huwa mwanzo wa mfereji mvua inapokuja.

Pumzikeni angalau nusu saa baada ya kupanda kutoka chini, mnywe maji na mle kitu. Uchovu wa kupanda genge ukiunganishwa na safari ya kurudi ndio unaowafanya watu walegeze macho katika kilomita za mwisho. Kabla ya kuwasha injini, kiongozi aangalie kama majani makavu yamekwama karibu na ekzosi, kwani hushika moto.

Hatua ya tisa: kurudi

Kagueni pikipiki pamoja na mwenye kampuni palepale mnaposhukia, mkizilinganisha na picha mlizozipiga asubuhi, na deni kama lipo limalizwe mbele ya wote. Kwa hiyo picha za asubuhi, za pande zote nne, zisisahauliwe. Aliyeanguka, hata akijiona mzima, aende hospitali akipata kichefuchefu, kizunguzungu au maumivu ya tumbo au shingo jioni hiyo. Nawa macho kwa maji safi kabla ya kuyasugua.

Bakhshishi ya kiongozi mpe mwenyewe mkononi, na wa nyuma ya msafara asisahauliwe, maana yeye ndiye aliyekula vumbi la wote. Kisha mweleze mwenye kampuni mahali ambapo njia imechimbika au ambapo magurudumu yameanza kuingia shambani mwa mtu, ili kundi la kesho lipitishwe kwingine.